Sufuria Niliyoogopa Kuifungua

Wenzangu, siku mliponiaga nikistaafu pale ofisini mliniomba niwaandikie machache kuhusu kazi, nami nikadhani ni maneno ya adabu tu, yale mtu husema akiwa ameshika sahani ya wali. Kumbe mlikuwa mmemaanisha. Afisa mpya wa Mbololo amenipigia simu mara tatu kuuliza kama nimeanza. Haya basi, nimeanza. Sitawaambia nilipandishwa cheo lini wala ni nani alinichelewesha, kwa sababu mnamjua na bado anapenda kunisalimia sokoni. Nitawaambia habari za chakula cha Desemba. Kwetu sisi maafisa wa afya ya umma, miezi kumi na mmoja ni mazoezi, na mmoja ndio mtihani.

Mimi nilianza na mtihani. Niliripoti Voi wiki mbili kabla ya Krismasi, nimevaa viatu vya kisigino na nimebeba barua yangu ndani ya bahasha kubwa ya kaki. Mkubwa wangu alikuwa Bwana Mutua, Mkamba mrefu, mkavu, ambaye hakuwa na haraka na kitu chochote isipokuwa kazi. Aliniangalia miguu kabla hajaniangalia uso.

"Dada, hivyo viatu ni vya kwenda wapi?"

"Kazini, Bwana."

"Kazi gani?"

Akafungua kabati, akanitolea buti zake za mpira za akiba. Zilinizidi kama namba tatu hivi. Nilijaza magazeti kwenye vidole, tukaenda kichinjioni, mimi nikipiga kelele kila hatua. Siku hizo kukagua nyama bado kulikuwa kazi yetu, kabla watu wa mifugo hawajaichukua, na nawaambia ukweli, niliililia kazi ile ilipoondoka ingawa wiki ya kwanza ndiyo iliyoniliza mimi. Bwana Mutua alinifundisha kupasua ini kwa mkato mmoja mrefu na kutafuta minyoo, kupapasa mapafu kwa vidole kabla ya kuyakata, na kutafuta tezi pale zinapojificha. Kisha muhuri na wino wa zambarau. Wino ule haukubali sabuni. Nilikwenda nao kanisani Krismasi ile, na dada mmoja aliyeketi karibu nami akaniuliza nimeipata wapi rangi nzuri hivyo ya kucha.

Katika hoteli, Bwana Mutua alikuwa na njia yake. Hakuanza na jokofu wala na sufuria. Aliingia, akasalimia kila mtu, akaomba kuonyeshwa kitambaa cha kupangusia meza. Hicho tu. Alikinusa, akakikunja, akakirudisha, na mara nyingi hakuhitaji kuona kitu kingine. "Mwenye hoteli amefagia kwa sababu ametuona tukija," aliniambia. "Lakini hakuna mtu hukimbilia kufua kitambaa." Nimeitumia njia hiyo miaka yote, kutoka stendi ya Voi mpaka Taveta, na haijanidanganya.

Jambo la pili alilonifundisha ni kutomwaibisha mpishi mbele ya wateja. Alikuwa akimwita pembeni, nyuma kule kwenye kuni, na wanaongea kama watu wanaosimuliana habari za nyumbani. Nilimuuliza mbona anabembeleza watu wenye makosa. Akasema, "Ukimwaibisha mbele ya watu, kesho atakupikia vizuri wewe peke yako." Nilikuwa kijana na mkali, nikadhani ni uoga. Baadaye nilielewa, tena mahali ambapo sikutaka kueleweshwa.

Nilihamishiwa Taveta miaka kadhaa. Kule Mahoo nilikutana na kesi ya harusi iliyofanyika siku mbili kabla ya mwaka mpya, ambapo meza nzima ya jamaa wa bwana harusi ilipatwa na kuhara na upande wa bibi harusi wote wakawa wazima. Mnaweza kufikiria maneno yaliyosemwa. Nilifika nikakuta wazee wa pande mbili hawasalimiani. Nilikaa na akina mama waliopika, nikauliza moja moja: wali ulipikwa wapi, nyama ilitoka kwa nani, nani aliosha nini. Ikaja kujulikana kwamba kachumbari ya meza ile ilikuwa imeisha mapema, na shangazi mmoja mwenye roho nzuri akaenda kuchuma nyanya zaidi na kuziosha kwenye mfereji wa kumwagilia migomba ili wakwe wasikose. Mfereji ule ule ng'ombe wanakunywa. Niliwaeleza wazee wote wawili kwa pamoja, na mzee wa upande wa bwana harusi akapumua, akasema, "Kwa hivyo walitupenda kupita kiasi." Ndoa ile ipo hadi leo, na mimi hupelekewa ndizi.

Niliporudi Voi nilikuta Desemba imekuwa nene zaidi. Reli mpya ilileta watu wa Nairobi na Mombasa kwa mamia, na wengine walikuja na magari yao, na kila gari lilikuwa na keki ya krimu kwenye buti. Jua la njiani, la Mtito na Maungu, mnalijua. Niliwahi kuitwa na familia moja mjini kuiangalia keki iliyosafiri kutwa nzima. Nilipofungua boksi, krimu ilikuwa imeshuka chini na jina la bibi aliyekuwa akifikisha miaka sabini limebaki herufi mbili. Mwenye keki aliniuliza, kwa unyenyekevu kabisa, kama akiitia kwenye friza itarudi. Nilimwambia haitarudi keki wala krimu yake, aende akanunue mkate na jamu. Bibi alifurahia mkate.

Sasa nifike pale nilipokuwa nikizungukazunguka.

Mimi nimeolewa Mbololo. Mama mkwe wangu ni mpishi anayejulikana milima yote ile, na mimi humwita Mama bila kujilazimisha. Hakuna harusi wala matanga yaliyopikwa upande wetu bila yeye kusimama karibu na moto na mwiko mkononi. Krismasi ya boma letu aliipika kwa desturi yake mwenyewe. Kwa kuwa asubuhi ya Krismasi kila mtu sharti aende ibadani, na ibada yetu haina haraka, nyama ilipikwa jana yake mchana katika sufuria moja kubwa, ya ukubwa wa zile za shule. Ikiiva, kuni zilivutwa nje, yakabaki makaa machache. Mama aliifunika kwa majani ya mgomba, akaweka mfuniko, akaufunga kwa leso fundo tatu. Hakuna aliyeruhusiwa kuzifungua mpaka ibada iishe na mchungaji aombee chakula uani. Na kweli, tukirudi saa nane mchana nyama ilikuwa na joto lake. Watu walisifu: inakaa tangu jana na bado ina joto!

Kila mwaka baada ya Krismasi watu walihara. Tuliita tumbo la Krismasi. Tulisema tumbo la mtu wa milimani limezoea kimanga, ule muhogo uliopondwa na maharagwe, na mboga, likikutana na nyama nyingi linashangaa. Watu walicheka, wakachemsha majani, wakapona. Mimi nilicheka nao. Niliyefunga vibanda Voi kwa sababu ya supu iliyolala, niliyebeba kipimajoto kwenye mkoba hata nikienda harusini, nilikaa kwenye boma la mume wangu zaidi ya miaka ishirini nikaitazama sufuria ile na nisiseme kitu. Nilijiambia kwamba pale mimi si afisa, mimi ni mkaza mwana.

Kisha mwaka mmoja, nikiwa nimebakiza miaka michache kustaafu, tumbo la Krismasi lilimpata Mzee, baba mkwe wangu. Mzee ana sukari na amepita miaka themanini. Watoto wa shule walipata nafuu kesho yake, lakini yeye siku ya pili macho yalikuwa yameingia ndani na hakutambua jina la mume wangu. Tulimshusha Voi hospitalini, akalazwa na dripu mikono yote miwili. Siku nne Mama hakutoka kwenye kiti kile cha chuma karibu na kitanda. Mzee alipona, Mungu ni mwema. Na mimi, kwa kuwa ugonjwa uliowapata watu wengi pamoja lazima uandikiwe ripoti, niliijaza fomu kwa mkono wangu. Penye chanzo niliandika: hakijulikani.

Hilo ndilo jambo nililotaka kuwaambia tangu mwanzo wa barua hii. Mengine yote ni kachumbari.

Mwaka uliofuata Mama akatangaza kwamba Krismasi itakuwa pia ya shukrani, kwa sababu Mungu alimrudisha Mzee. Ng'ombe alichinjwa. Ukoo wote ulialikwa, na waimbaji wa kanisa, na majirani, watu zaidi ya mia. Nilichelewa kazini, nikafika Mbololo tarehe ishirini na nne jioni. Sufuria ilikuwa imeshafungwa, fundo tatu. Nilijilaza, lakini sikuwaza kitu kingine ila sufuria ile. Akilini nilimwona Mzee kwenye kiti chake kesho yake mchana, sahani mapajani, akipewa kipande cha kwanza kama heshima yake.

Kulipokucha nilienda jikoni. Mama alikuwa anachemsha chai.

"Umeamkaje, Mama?"

"Nimeamka salama. Mbona mapema hivi?"

"Nimekuja kukuomba kitu."

"Omba. Si leo ni Krismasi?"

"Nakuomba ufungue hiyo sufuria."

Alicheka. "Hata wewe? Na vile umekomaa, unataka kuonja nyama kabla ya maombi kama mtoto?"

"Sitaki kuonja, Mama. Nataka kupima."

Kicheko kikaisha. Aliona mkoba wangu. "Kupima nini? Hapa si hoteli ya stendi, Mama Mghoi. Hiyo mashine yako irudishe Voi."

Nilitii, mimi mwanamke mwenye wajukuu. Nikakirudisha kipimajoto ndani ya mkoba, nikavuta kigoda, nikakaa chini yake kidogo, pale kwenye kuni, vile nilivyomwona Bwana Mutua akifanya.

"Mama, umewaogesha wajukuu wangapi?"

"Wote. Hata wako. Wewe ulikuwa unawaunguza."

"Maji ulikuwa unapima na nini?"

"Na kiwiko. Na nini ingine?"

"Basi ifungue, uipime na kiwiko. Kama si ile ya kuogesha mtoto, nitanyamaza mpaka nife."

Akazifungua fundo, moja, mbili, tatu, akaondoa majani. Harufu ilikuwa nzuri sana, na hapo ndipo watu hudanganyika. Alikunja mkono wa gauni, akaweka kiwiko kwenye ubavu wa sufuria.

"Vuguvugu," akasema. Akapima upande mwingine. "Ni ile ya mtoto. Sawasawa."

"Wadudu wa tumbo wanapenda joto hilo. Kuna wengine hawafi hata ukipika, wanajificha tu. Sufuria ikipoa mpaka hapo, wanaamka na kuzaana mpaka asubuhi."

"Si nitawasha moto ichemke tena?"

"Hao watakufa. Lakini kuna wengine wanaacha sumu, na hiyo sumu haisikii moto. Ikishalala hivi, siwezi kukuambia iko salama."

Chai ilifurika ikazima nusu ya moto, na Mama wala hakugeuka.

"Kwa hivyo mwaka jana ni mimi," akasema.

Nilikuwa na jibu la kazini, lile la kusema kwamba mambo haya husababishwa na mengi. Sikulitumia.

"Ni sisi wawili, Mama. Wewe hukujua. Mimi nilijua tangu nilipoolewa, nikanyamaza kwa sababu nilikuogopa."

"Uliniogopa mimi kuliko Mungu?"

"Mungu hajawahi kunifokea jikoni."

Nilidhani atanipiga na mwiko. Uso wake ulikunjika, akaanza kucheka, na akiwa katikati ya kucheka akalia, akijifuta kwa ile leso ya sufuria, na mimi nikalia naye. Nilimpenda asubuhi ile kuliko siku zote za ndoa yangu.

"Haya inuka," akasema. "Unangoja nini? Shika huku."

Mume wangu na ndugu zake walichimba shimo nyuma ya migomba, refu, mbwa wasifukue. Wake wa ndugu za mume wangu walitoka wakiwa na leso kichwani wakidhani kuna msiba, na walipoona ng'ombe mzima akizikwa, mmoja wao alikaa chini. Mama hakuwapa nafasi ya kuomboleza. Mzee aliombwa mbuzi wake watatu na akakubali bila kuuliza, jambo lililotushangaza sote. Maini yao niliyakagua mwenyewe, kwa kisu cha jikoni, na muhuri sikuwa nao. Kuku walikamatwa. Maharagwe mabichi yalitoka shambani, muhogo ukamenywa, na kimanga kikapondwa na wanawake watano waliopokezana mwiko huku wakiimba nyimbo za Krismasi, kwa kuwa ibada ilikuwa imeshaanza na wao hawapo. Mama alikosa ibada ya Krismasi kwa mara ya kwanza maishani mwake. Alimtuma shemeji yangu amwambie mchungaji ahubiri kirefu. Mchungaji hakuhitaji kuombwa mara mbili.

Niliwahi kusimamia majiko mengi, lakini sijawahi kufurahi kama siku ile. Ubao wa kukatia nyama mbichi uliwekwa peke yake. Mtungi wa maji wenye bomba ulitundikwa mlangoni na sabuni kando yake. Chakula kilitoka motoni kwenda sahani, na kila sufuria iliyopakuliwa ilibaki juu ya moto ikichemka.

Walipofika kutoka kanisani saa tisa na kukuta moshi bado unapanda, walijua kuna jambo. Nilikuwa nimemwambia Mama hana haja ya kumweleza mtu yeyote. Tungesema nyama imeharibika, basi. Mchungaji alipomaliza kuomba, yeye akasimama mbele ya watu wote na mwiko mkononi.

"Ile nyama ya ng'ombe nimeizika," akasema. "Mimi huipika jana yake na kuifunga, mnajua. Mwaka jana hiyo ndiyo ilimlaza Mzee. Nilikaa naye hospitali siku nne nikimwomba Mungu anionyeshe aliyemfanyia hivyo mume wangu, na leo asubuhi amenionyesha. Sasa kuleni hii ingali moto. Na mkibakisha kitu mtanitambua."

Hakuna aliyeinua kijiko. Watu walimgeukia Mzee. Alikuwa na sahani yake mapajani: kimanga, mboga, na vipande viwili vidogo vya mbuzi, kwa sababu soda na mafuta tulikuwa tumeshamwondolea. Alimtazama mkewe.

"Umemzika ng'ombe badala ya kunizika mimi," akasema. "Mimi sina malalamiko."

Nyie, watu walicheka! Waimbaji walicheka mpaka wakashindwa kuanza wimbo. Mama alicheka kuliko wote, kisha akapita kila sahani akiangalia kama mkono umeoshwa. Tulikula mpaka sufuria zikaonekana chini, na jioni hakukuwa na kitu cha kufunika wala kufunga.

Kesho yake niliamka mapema, nikakaa kwenye ngazi ya mlango na kikombe cha maji moto, nikasikiliza kama kuna anayekimbilia choo. Watu zaidi ya thelathini walikuwa wamelala katika boma lile, na wote walikuwa wanakoroma. Mama alikuja akakaa karibu nami. Na yeye alikuwa anasikiliza. Tukakaa hivyo mpaka jua likapiga paa la jikoni.

Ndipo mlango wa chumba chao ukafunguliwa na Mzee akatoka, fimbo mkononi, amesimama wima, akatuangalia sisi wawili kwa hasira.

"Kuna chochote kilibaki jana?"

"Hakuna," Mama akasema.

"Hata supu?"

"Hata supu."

"Krismasi gani hii," Mzee akasema, "mtu anaamka na njaa?"

Mama alinishika mkono, akaushikilia kwa nguvu. Halafu akainuka kwenda kumwashia moto.